Samaki Asiyepitia Moto

Nyumbani kwetu Chumbageni, Tanga, samaki ana njia moja tu ya kufika sahanini, nayo ni moto. Mama yangu anauza samaki wa kukaanga tangu mimi sijaanza shule. Anakaanga mara mbili: asubuhi anawaivisha, na jioni wale waliobaki anawarudisha karaini wakauke kabisa, walale hadi kesho bila kunuka. Changu, tasi, vibua, vipande vya jodari, wote wanatoka na rangi ya kahawia, na ukimgonga mmoja kwa kucha unamsikia anavyolia. Ndivyo nilivyolelewa. Kwa hiyo Oktoba 2019, nikiwa na wiki tatu tu Kobe, nchini Japani, nilikokwenda kwa masomo ya uzamili, mzee aliyekuwa mwenyeji wangu aliponiambia kwamba Jumamosi atanipeleka kula sushi, niliitika kwa adabu, lakini usiku ule usingizi uliniruka.

Mzee huyu aliwahi kufundisha hesabu Morogoro miaka ya themanini, akiwa kijana wa kujitolea. Kiswahili chake kilibaki kilekile cha wakati ule, cha kumwita kila mtu "ndugu", na kila akisikia shikamoo anasimama kwanza ndipo anaitikia. Mimi nilimwita mzee, mkewe nikamwita mama, na wao waliniita binti. Watu wa namna hiyo hawaambiwi "sili" mara ya kwanza.

Nikampigia mama simu.

"Mbichi vipi?" akauliza.

"Mbichi kabisa, mama. Wanamkata wanamweka juu ya wali."

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, hao ni wenyeji wako, usiwaaibishe. Kula kidogo. Lakini kwanza mtazame samaki macho."

Nikamwambia samaki wa sushi anafika mezani ameshakatwa vipande, macho hayaonekani, wala mashavu hayapo uyafunue uone kama bado ni mekundu.

"Basi," akasema, "mtazame mkataji."

Neno hilo nililibeba hadi mgahawani, na halijanitoka hadi leo.

Haukuwa mgahawa wa kifahari. Ulikuwa gorofa ya pili, karibu na stesheni ya treni, umejaa familia, watoto wanakimbia, wazee wawili wawili, vijana wa shule na mabegi yao. Unafika mlangoni, unabonyeza mashine, inakupa kikaratasi chenye namba, unakaa kwenye benchi kusubiri kuitwa. Tulisubiri karibu dakika arobaini. Hapo benchini mzee akanisimulia kwamba migahawa ya namna hii ilizaliwa jirani tu na pale tulipo. Mtu mmoja, Yoshiaki Shiraishi, alikuwa na kibanda cha sushi Higashiosaka, wateja wengi na wahudumu wachache. Siku moja akaona kiwandani chupa za bia zinavyopita juu ya mkanda, akawaza kwa nini sahani zisipite vilevile. Mwaka 1958 akafungua mgahawa wa kwanza wa sushi inayozunguka. Maonyesho makubwa ya dunia yalipofanyika Osaka mwaka 1970, mkanda wake ukaonwa na watu kutoka kila pembe ya Japani, na tangu hapo sushi ikawa chakula ambacho baba wa watoto watatu anaweza kukilipia bila kukopa.

Namba yetu ikaitwa. Tukaketi, mkanda unapita pembeni ya meza, pole pole, umebeba visahani. Nikawa natafuta mkataji. Hakuwepo. Jikoni kulikuwa nyuma ya ukuta. Mzee akaniambia katika migahawa ya bei hii hata matonge ya wali yanafinyangwa na mashine, wafanyakazi kazi yao ni kupandisha samaki juu. Nikajisikia kama mtu aliyepewa ushauri mmoja tu wa safari na ushauri wenyewe hauna pa kutumika.

Hapa nataka kusema jambo ambalo kila Mswahili anayekwenda kula kwenye migahawa hii lazima aambiwe kabla ya yote. Kila meza ina bomba dogo lenye kitufe cheusi, usawa wa mkono wako. Sisi tumezoea: kabla ya chakula mtu anakuja na birika na beseni, unanawa. Nikaona bomba, nikajua ni la kunawa, nikapeleka kiganja. Mama, yaani mke wa mzee, akanidaka kiwiko kwa nguvu ambayo sikuidhania kwa mwili wake mdogo. Lile ni bomba la maji yanayochemka, la chai. Unatia unga wa chai ya kijani kwenye kikombe, unakisukuma kikombe kwenye kitufe, maji yanashuka. Tone moja lilinipata kidoleni na lilinitia lengelenge. Baadaye niliwapeleka wengine, mmoja wa Lamu, wengine wa Bukavu na Kampala, na wote, bila hata mmoja kubaki, mkono wao ulianza kwenda kwenye bomba lile. Kunawa unanawia kitambaa chenye maji unachopewa.

Mzee alikuwa na busara. Hakunianzisha na mbichi. Kwenye kioo cha kuagizia aligusa yai, kamba na pweza. Yai ni kama chapati ya mayai iliyokunjwa, tamu kidogo, imefungwa kwenye wali kwa utepe wa mwani. Kamba amechemshwa. Pweza amechemshwa pia. Mimi nilikwenda nikiamini sushi maana yake ni samaki mbichi, kumbe neno lenyewe linahusu wali uliotiwa siki, na juu yake unaweza kuweka vitu vingi ambavyo vimeshaonja moto. Anayeogopa mbichi anaweza kukaa pale akala akashiba bila kugusa hata kimoja, na hakuna atakayemshangaa.

Pweza ndiye aliyenituliza. Nilipotafuna nikamtambua: ulaini ule wa pweza aliyepigwa vizuri, utamu unaokuja mwishoni. Kwetu tunampiga kwenye mwamba. Mama akanieleza kwa mikono, mzee akitafsiri, kwamba wao wanamsugua kwa chumvi, wanamkanda kama nguo, hadi ute wote utoke. Nikauliza jina lake. "Tako," akasema mama, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mzee, ambaye alikaa Morogoro miaka miwili, akainamisha kichwa akacheka hadi machozi, na mimi nikacheka, na mama akatutazama hadi mumewe alipomnong'oneza. Tangawizi ile ya siki wanayokula katikati ya samaki na samaki inaitwa gari. Yule wa jamii ya vibua vyetu anaitwa saba. Siku ile meza yetu ilikuwa na gari, saba na tako, na mimi niliyekuja na hofu nikaanza kujisikia niko kwa watu.

Kisha nikautazama wali. Kwetu wali unasifiwa ukichambuka, punje inakaa peke yake. Bibi arusi akipika wali ukashikana, mawifi watapata habari kabla sahani haijafika mezani. Wali wa sushi unatakiwa ushikane, lakini ushikane kwa mkono tu. Ukifika mdomoni unatakiwa uachane. Umetiwa siki, sukari na chumvi, na si wa moto wala si wa baridi, uko kama joto la mwili. Mzee akaniambia jina la tonge lile ni nigiri, na linatokana na kitendo cha kufumbata. Nikamwambia, mzee, basi hili ni tonge. Akasema ndiyo, ni tonge, na ukitaka kulila kwa mkono, kula kwa mkono, ndivyo lilivyoanza. Zamani, mji wa Tokyo ulipokuwa bado ukiitwa Edo, sushi ya namna hii iliuzwa kwenye vibanda vya barabarani, mtu anasimama anakula matonge mawili matatu kwa vidole anaendelea na safari zake, kama sisi na mishikaki.

Nikaweka vijiti chini. Nikashika tonge kwa vidole vitatu, nikaligeuza, nikachovya upande wa samaki, maana ukichovya upande wa wali unalowa na kuvunjika mle kwenye sosi ya soya. Hilo nililifanya sawa mara ya kwanza bila kufundishwa, na mama akapiga makofi madogo.

Halafu ikaja sahani ya jodari.

Nataka kumweleza alivyokuwa, kwa sababu jodari mbichi mimi namjua tangu utotoni. Namjua akiwa kwenye beseni la mama, kwa dakika zile chache kabla hajapakwa ndimu, chumvi na bizari. Rangi yake nilidhani naijua. Lakini kipande kile kilikuwa chekundu kama punje ya komamanga iliyotoka kumenywa, kina mng'aro wa unyevu, na ukikitazama kwa karibu unaona mistari myembamba ya nyama imelala upande mmoja kama nyuzi za mkeka. Sikukiona kikilia maji. Nikakisogeza puani. Kule kwetu jodari wa saa sita mchana unamsikia kabla hujamwona. Huyu hakuwa na harufu yoyote. Nikasema bismillahi, wao walikuwa wameshasema yao ya kushukuru chakula, nikaweka tonge zima mdomoni.

Kilichonishangaza ni upole. Ubaridi kwanza, halafu ladha nyepesi kama ya damu lakini bila ukali, halafu wali ukaachana, siki ikaingia, na vyote vikashuka pamoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu cha kuvumilia. Sikuvumilia chochote. Nikala na la pili.

La tatu nikalitia wasabi, kile kiungo chao kikali cha kijani, na hapo nilikosea kwa kuipima kama pilipili. Pilipili yetu inachoma ulimi na inakaa. Wasabi haikai ulimini, inapanda puani moja kwa moja hadi nyuma ya macho, kisha baada ya pumzi chache imeondoka kabisa. Nilichota kiasi ambacho ningechota chatne. Mzee akaniambia nipumue kwa mdomo. Ukijua hilo unaizoea haraka, na sasa naipenda, lakini chukua kiasi cha punje ya mchele.

Nilipopata pumzi nikauliza swali ambalo mama yangu angeuliza. "Mzee, huyu amevuliwa leo?"

"La, binti," akasema. "Huyu huenda amevuliwa miezi mingi iliyopita. Tena mbali. Huenda hata bahari yenu, ya Hindi."

Nikaacha kutafuna. Kwetu "samaki wa barafu" ni tusi. Pale Deep Sea, sokoni Tanga, wauzaji wanaita "wa leo, wa leo!", na anayesema samaki wake ametoka kwenye friza anajua ameshapunguza bei. Uzuri wote wa samaki sisi tumeuweka kwenye saa aliyotoka majini. Kumbe jodari niliyemla, laini vile, hana harufu vile, aligandishwa kwenye meli yenyewe, kule kule baharini, kwenye vyumba vyenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri, na baridi hiyo haikukatika hadi siku ya kukatwa. Na kugandisha si kwa ajili ya kumtunza tu. Samaki wengi wa baharini hubeba minyoo, na minyoo hiyo hufa kwa moto au kwa baridi kali: nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 na zaidi. Sehemu kubwa ya samaki anayeitwa mbichi kwenye migahawa ya bei ya kawaida ameshapita kwenye barafu.

Kuna hata samoni, yule wa rangi ya chungwa ambaye watoto wa meza ya pili walikuwa wakimgombea. Mzee akasema alipokuwa kijana karibu hakuna Mjapani aliyekuwa akimla samoni mbichi, walimjua kuwa ana minyoo, walimla wa kuchoma. Miaka ya themanini ndipo watu wa Norway walipokuja kuwashawishi na samoni wao wa kufugwa. Mzee aliondoka kwenda Morogoro samoni akiwa wa kuchoma, na miaka ikapita, akaja kumkuta juu ya mkanda.

Mazungumzo yangeishia hapo kama mama asingeuliza, kupitia mumewe, kwa nini nilimnusa jodari vile. Mama alikuwa mtaalamu wa lishe kwenye jiko la shule kabla ya kustaafu, alikuwa akisimamia chakula cha mchana cha watoto mia kadhaa kila siku. Nikamweleza habari ya shangazi yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Shangazi alikuja kututembelea kutoka Pangani, mama akampikia wali wa nazi na jodari wa kukaanga. Nusu saa haijapita, uso ukamwiva mwekundu, midomo ikawa inamchoma kana kwamba ametafuna pilipili, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, ngozi imemtoka mabaka. Tukamkimbiza hospitali. Alipona usiku ule ule. Lakini maneno hayakupona upesi. Wapo waliosema ana aleji ya samaki, mtu aliyezaliwa Pangani na kula samaki miaka arobaini. Wapo waliosema mengine, ya uchawi, siyarudii. Na wapo waliosema mama hakumwivisha samaki. Hilo ndilo lililomuumiza mama, akalia, kwa sababu mtu anaweza kumsema mama yangu kwa mambo mengi, lakini moto wake hajawahi kuufanyia uvivu. Jodari yule alikaangwa mara mbili.

Mama wa Kobe alisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini. Akasema neno moja, mzee akalirudia: histamini. Jodari, vibua, na samaki wa jamii yao, wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, vijidudu vinaanza kutengeneza kitu hicho kutokana na nyama yenyewe. Samaki anaweza asinuke, anaweza asibadilike rangi. Na kikishatengenezeka, akasema, hakuna moto unaokiondoa. Ukaange, uchemshe, uchome hadi uwe mkaa, kipo. Hata friza haikiondoi. Kinachosaidia ni kitu kimoja tu, samaki asipate joto tangu dakika anapotoka majini. Shuleni kwake jodari akija na barafu iliyoyeyuka, alimrudisha. Alitumia neno ambalo mzee alilitafsiri polepole, akitafuta Kiswahili chake cha Morogoro: "Anasema, huyo wifi wa mama yako hakuugua jikoni kwa mama yako. Aliugua ndani ya boti."

Miaka kumi na saba mama yangu amebeba lawama ile. Nilikaa na sahani yangu, mkanda unapita, watoto wanacheka, sikuweza kusema kitu. Mama akanisogezea chai.

Tangu jioni ile naitazama sushi kwa jicho jingine. Moto ni rehema, unasitiri mengi: samaki aliyechelewa, barafu iliyokwisha, beseni lililokaa juani. Samaki mbichi hana cha kumsitiri. Kila mtu aliyemshika, mvuvi, nahodha, mpakiaji, dereva, mfanyakazi wa zamu ya alfajiri, amewajibika kwa zamu yake, na mmoja akizembea, mlaji ndiye anayejua. Mkataji niliyeambiwa nimtazame hakuwa mtu mmoja nyuma ya ukuta. Walikuwa watu mia, na sikumwona hata mmoja wao.

Sushi yenyewe, nilipoanza kuisoma, ilizaliwa na shida ile ile ya kwetu. Kabla ya matonge ya Edo, ilikuwa namna ya kuhifadhi samaki: wanamtia chumvi, wanamzika kwenye wali, wali unachachuka na kumtunza kwa miezi, kisha wanakula samaki na wali wanautupa. Pembeni ya ziwa Biwa, mkoa wa Shiga, bado wanamtengeneza hivyo. Sisi tuna ng'onda na papa wa chumvi. Wao hawakuwazidi babu zetu akili. Barafu iliwafikia mapema, na ikawafikia wote, hata mvuvi mdogo.

Kuhusu halali, kwa sababu naulizwa sana. Samaki si tatizo. Tatizo liko kwenye vinavyomzunguka. Mkunga anapakwa sosi yenye mirini, ile pombe tamu ya mchele ya kupikia, kwa hiyo mimi simgusi. Baadhi ya siki za wali nazo hutiwa mirini, na sosi ya soya huwa na kileo kidogo kutokana na kuchachuka kwake. Kobe kuna msikiti wa tangu mwaka 1935, wa kwanza nchini Japani, na jirani yake kuna duka la vyakula vya halali. Ndugu wa pale walinielekeza kuuliza kabla ya kuketi, na nikawa natembea na chupa yangu ndogo ya sosi ya halali mkobani. Sijawahi kukaripiwa kwa kuitoa. Siku moja mhudumu alipoulizwa kuhusu siki alisema hawezi kunihakikishia. Nilimshukuru kwa kusema kweli, nikala sashimi, vipande vya samaki bila wali, nikatoka nimeshiba.

Mengine ni ya kujifunza kwa kukaa. Sahani uliyoigusa ni yako, hairudi kwenye mkanda. Sahani iliyo juu ya kikalio cha rangi tofauti imeagizwa na mtu mwingine, iache ipite. Visahani vyako usiviondoe, ndivyo vitakavyohesabiwa. Wakati ule sahani ilikuwa yeni 110 pamoja na kodi, kiasi cha shilingi 2,300 za kwetu, matonge mawili. Sisi watatu tulikula sahani ishirini na sita, na mzee hakukubali nitoe hata senti.

Nilimaliza masomo, nikapata kazi ya mkataba, nikakaa hadi 2023. Mwanzoni mwa mwaka huo ilisambaa video ya kijana mmoja akilamba kikombe na chupa ya sosi kwenye mgahawa wa sushi, kisha kupakaza mate kwenye sushi inayopita. Iliwaumiza watu sana, na mimi iliniuma kana kwamba imefanyiwa nyumbani kwetu. Migahawa mingi ilisimamisha mkanda, ikabaki na njia ya juu inayoleta ulichoagiza tu. Nilikwenda na mzee wangu wiki chache baadaye, tukaketi meza ile ile. Mkanda ulikuwa umesimama, mtupu, umefutwa unang'aa. Mzee aliutazama muda mrefu. Akasema katika maisha yake yote hajawahi kuwaza kwamba mtu anaweza kutema mate kwenye chakula cha asiyemjua.

Nilirudi Tanga Desemba. Watu wanadhani nitafungua mgahawa wa sushi, na wengine wananiomba niwatengenezee na jodari wa Deep Sea. Sitengenezi, na namsihi yeyote anayesoma hapa asijaribu na samaki wa soko asiyejua amelala wapi. Kitu pekee nilichomletea mama kutoka Japani, ukiacha kanga ya kitambaa chao na chai, ni kipimajoto cha chakula, kile chenye sindano.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda naye sokoni. Boti zilikuwa zimetoka mkondo wa Pemba. Nikachoma sindano kwenye jodari aliyelala sakafuni kwenye boti, chini ya turubai. Ikasoma nyuzi 27. Sikusema kitu, nikampa mama asome mwenyewe. Nikamwambia habari ya histamini, pale pale, tumesimama kwenye maji ya samaki, na nikamwambia alichosema mama wa Kobe kuhusu shangazi. Akakishika kile kipimajoto kwa mikono yote miwili. "Kwa hiyo haukuwa moto wangu," akasema. Nikamwambia haukuwa. Akafunga khanga yake vizuri kiunoni, akaondoka kwenda mbele, na hatukununua jodari siku ile.

Sasa mama ana deli kubwa. Barafu anaigandisha kwenye makopo kwenye friza ya jirani, usiku anaivunja kwa nyundo, na saa tisa za usiku kijana wetu mmoja anaipeleka kwa mvuvi aliyekubaliana naye, kabla boti haijatoka. Inagharimu, na barafu haitoshi kila siku. Bado anakaanga, hataacha kukaanga, ila samaki wa barafu hamrudishi karaini mara ya pili, na wateja wameona kwamba nyama imekuwa laini zaidi.

Wiki iliyopita nilimfuata sokoni nikasimama nyuma yake. Muuzaji mmoja mgeni alimwinulia jodari mkubwa, macho yanang'aa, akaanza, "Wa leo huyu, mama, wa leo!" Mama hakumfunua mashavu wala hakumbonyeza.

"Naona," akasema. "Amewekwa kwenye barafu saa ngapi?"

Yule kijana akageuka kumtazama nahodha wake.